Uzoefu wangu: matembezi ya kuongozwa chini ya genge la Stevns Klint, ukuta wa miamba wa pwani nchini Denmark

Kwa yeyote anayetaka kuelewa jinsi wanasayansi walivyofikia hatua ya kusema kwamba asteroidi, yaani mwamba mkubwa kutoka angani, ndiyo iliyowaangamiza dinosauri miaka milioni 66 iliyopita, matembezi haya yanastahili gharama yake, ingawa hutaonyeshwa hata mfupa mmoja wa mnyama huyo. Kinachoonyeshwa ni ushahidi wenyewe. Tuliteremka ngazi zilizo karibu na kanisa la kale la Højerup, ambalo sehemu yake iliporomokea baharini mwaka 1928, kisha kiongozi wetu akatusimamisha mbele ya utepe wa udongo wa kijivu wa wakati wa maangamizi hayo, wenye unene wa sentimita chache tu, uliobanwa kati ya chokaa nyeupe laini iliyo chini na chokaa ngumu iliyojitokeza juu yake kama upenu.

Nilichokipenda zaidi ni namna alivyoijenga hoja. Mwaka 1980 mwanafizikia Luis Alvarez, mwanawe Walter ambaye ni mwanajiolojia, na wenzao walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba katika udongo huu kiwango cha iridiamu kilipanda takribani mara 160. Kwa kuwa metali hiyo ni adimu sana katika ganda la dunia lakini hupatikana kwa wingi zaidi katika vimondo, walihitimisha kwamba asteroidi yenye kipenyo cha kilomita 10 hivi iliigonga dunia. Mwaka 1991 kreta (shimo kubwa la mgongano) ya Chicxulub nchini Mexico, yenye upana wa kilomita 180 hivi, ikahusishwa na tukio hilo. Miamba ya huko ilikuwa na salfa nyingi, ambayo iliporushwa angani pamoja na vumbi na masizi ilizuia mwanga wa jua, mimea ikadhoofika, wanyama wanaokula majani wakakosa chakula, na wanaokula nyama wakafuata.

Kasoro moja inanikera. Nilipouliza kuhusu volkano za Deccan nchini India, zilizolipuka katika kipindi hichohicho, nilijibiwa kwa sentensi moja, ilhali wapo wanasayansi wanaoamini kwamba zilichangia maangamizi hayo, na mgeni aliyelipa anastahili kuusikia mjadala huo kikamilifu.

Vaeni viatu imara, kwa sababu mawe ya gumegume ufukweni huteleza, na msikae chini ya genge, kwani vipande huanguka. Mwenye matatizo ya magoti atafaidika zaidi na kituo cha wageni cha Boesdal, kilichofunguliwa mwaka 2022.