Nilinunua sila ya marumaru nikidhani inazuia limau

Naanza na ujinga wangu mwenyewe msije mkadhani nimekuja kulaumu bidhaa za watu. Kaunta yangu ya jikoni ni marumaru nyeupe yenye mishipa ya kijivu, naongelea jiwe lenyewe sio vile vigae vya sakafuni ambavyo wengi wetu ndo tunaviita marumaru, na ni ile iliyong'arishwa mpaka unajiona sura. Fundi anamaliza kufunga aliniachia neno moja tu, usilikatie limau, mi nikacheka. Wiki ya tatu nikasahau nusu ya limau imelala kifudifudi juu ya kaunta usiku kucha.

Asubuhi nafuta, majimaji yametoka yote lakini pamebaki duara saizi ya limau lenyewe. Halina rangi. Ukisimama mbele yake hulioni, ila ukiinama ukaangalia kwa ubavu, mwanga wa dirisha ukilipiga unaliona hilo hapo limefifia, na ukipitisha kidole unasikia pamekwaruza kidogo. Sasa si nikachukua siki nikasugulie, maana nimezoea siki ndo inatoa kila kitu! Duara likawa bonge la baka.

Baadae ndo nikaelewa. Marumaru ni kalisiamu kaboneti, kitu kilekile kilichomo kwenye chaki na maganda ya konokono, na tindikali ikiligusa inalila jiwe, kaboni dioksidi inatoka, mng'ao unaondoka. Yani lile halikuwa doa, jiwe lilikuwa limeliwa. Doa ni kitu kingine kabisa, doa ni mafuta au kahawa imezama ndani na pale panakuwa na rangi nzito zaidi kuliko pengine. Mngejua hela inavyopotea kwa kutojua tofauti ya hivi vitu viwili.

Mi nikaenda kununua vitu vitatu kwa mpigo: sprei ya kusafishia mawe, sila ile dawa ya kuziba vitundu vya jiwe, na poda ya kung'arishia. Majina ya kampuni nayaacha.

Sila ndo nilikuwa na hamu nayo kwa sababu chupa imeandikwa kinga kamili kwa herufi kubwa. Maelekezo: safisha, acha jiwe likauke siku nzima, paka, subiri kama dakika 10, kisha futa yote iliyobaki juu isikaukie hapo. Hilo la mwisho ndo la muhimu kuliko yote na ndo nililoharibu, simu iliita nikaenda kupiga stori, narudi upande wa karibu na sinki umepiga ukungu kama kioo cha bafuni. Niliogopa kweli. Kumbe dawa yake ni kupaka sila ileile tena kwa juu, inailainisha ile ya mwanzo, unafuta fasta kabla haijakauka. Ukatoka, ila mkono uliniuma.

Sasa kitu nilichofanya na ambacho nashauri mtu yeyote afanye kabla hajapaka chochote kwenye kaunta. Fundi alipotoboa tundu la sinki aliniachia kipande, sikukitupa. Nikapaka sila nusu moja, nusu nyingine nikaiacha hivyohivyo, kesho yake nikadondoshea kila upande mafuta ya kupikia, kahawa nyeusi na limau, nikaacha saa moja. Upande wenye sila mafuta yalikaa juu kama shanga, nikafuta, safi, kahawa nayo ikafutika. Upande usio na sila mafuta yameingia, pameacha giza, kahawa imeacha kivuli cha njano. Limau sasa: pande zote mbili sawasawa. Zote zimeliwa! Ukitazama kwa ubavu huwezi kujua upi ulipakwa upi haukupakwa. Maana sila inaziba vitundu vya ndani tu, uso wa jiwe bado uko wazi kwa tindikali. Kwa hiyo kwa mafuta na kahawa naipa nyota 4, kwa lile neno kinga kamili naipa sifuri.

Na usipake kila mara kama losheni. Dondosha maji kidogo, subiri dakika 10 mpaka 15, kama pale chini pamekuwa peusi basi jiwe linakunywa na muda wa kupaka umefika, kama maji bado yamekaa tu, achana nalo.

Poda ndo iliyonishangaza. Unalowanisha kitambaa, unaweka poda kidogo, unasugua kwa mzunguko, ikianza kukauka unaongeza tone la maji. Nilisugua karibu nusu saa kwa awamu, na duara likaondoka, kweli likaondoka, kidole hakisikii kitu. Shida ni kwamba pale pakang'aa kuliko majirani zake, ikabidi nipanue mpaka ukingoni. Kama kaunta yako ni ile isiyong'aa usiiguse hii poda, utajitengenezea baka linalometameta peke yake. Na kama jiwe limeliwa kwa kina, ukucha unakwama, hapo ni kazi ya fundi na mashine. Nyota 5 kasoro mkono wangu.

Kuna doa la mafuta pia karibu na jiko, lilikuwepo kabla sijapaka sila. Hilo sikulinunulia kitu. Nilichanganya bekingi soda na maji (bekingi soda, sio bekingi pauda) mpaka ikawa nzito kama dawa ya meno, nikabandika, nikafunika na plastiki nikazungushia selotepu, siku moja. Kesho yake nikatoa plastiki nikaacha ikauke yenyewe, inavyokauka inafyonza mafuta. Mara ya kwanza lilipungua nusu, mara ya pili likaisha.

Sprei sina mengi. Haina tindikali, hilo ni kweli, inanukia vizuri, na inafanya kazi ileile ya tone la sabuni ya vyombo kwenye maji ya vuguvugu, kitambaa laini, suuza vizuri maana sabuni ikibaki inatengeneza utando, kausha. Nimejaribu hivi na vile wiki mbili sikuona tofauti. Ikiisha sinunui nyingine, ila chupa yake naibakiza, pampu yake inapuliza vizuri sana, ntaijazia maji yangu na sabuni.