Opinel Namba 8 na Laguiole katika Hewa ya Chumvi ya Msasani

Nyumba yangu iko Msasani, ambako upepo wa bahari hulisha kutu bawaba za milango, na ndimo nilimotumia kwa miaka minne visu viwili vya kukunja vya Kifaransa ninavyovitolea tathmini hapa: Opinel Namba 8 ya chuma cha kaboni na Laguiole yenye mpini wa pembe ya ng'ombe. Ninavyo vingine sandukuni, kikiwemo cha Nontron chenye mpini wa mti mzito wa rangi ya asali uliochorwa kwa moto, lakini hivyo ni vya kutazamwa. Hivi viwili vinafanya kazi: kimoja humenya machungwa na kukata maembe barazani, na cha pili huwekwa mezani siku za nyama ya kuchoma.

Opinel ni kisu cha Savoie, kwenye milima ya Alpi. Joseph Opinel alikiunda mwaka 1890 akiwa kijana wa miaka 18, na mwaka 1897 akapanga ukubwa wake kuanzia namba 1 hadi namba 12, ingawa namba 1 na namba 11 ziliachwa baadaye. Kwenye ubapa kuna mkono uliovikwa taji, alama iliyotokana na Saint-Jean-de-Maurienne, mji ambao kwa mapokeo ya waumini ulihifadhi vidole vya Yohana Mbatizaji, ambaye sisi wengine tunamwita Nabii Yahya. Kisu kizima kina sehemu tano tu: ubapa, mpini, msumari wa kati, pete isiyosogea na pete inayozunguka. Hiyo ya mwisho iliongezwa mwaka 1955 ili ubapa usikufungie vidole, na ndiyo inayonifanya nimkabidhi mtoto mkubwa kisu hiki bila hofu nyingi.

Urahisi huo wa umbo una gharama yake, nayo huonekana masika yakiingia. Mpini ni wa mbao, mbao hunywa unyevu na kuvimba, na ufa unaouhifadhi ubapa hubana kiasi kwamba kisu hakifunguki kabisa. Aprili ya mwaka wa kwanza nilivunja ukucha nikikilazimisha. Wenyeji wa Savoie wanalijua tatizo hili tangu zamani na dawa yake ni rahisi: unailegeza pete, unagonga kitako cha mpini juu ya meza, na ubapa unachomoza wenyewe kiasi cha kushikika. Nimelifanya jambo hilo mara nyingi, na halijanishinda hata siku moja. Nilijaribu pia kuupaka mpini mafuta ya nazi, nikajuta, maana baada ya wiki chache yalichacha na kisu kikanuka kama chungu kisichooshwa. Siku hizi napaka mafuta mazito ya mgando kwenye kiungo tu, kidogo sana.

Chuma chake ndicho kinachonifurahisha zaidi. Ndimu na maembe huubadilisha ubapa ukawa wa kijivu, kisha wa samawati iliyokolea, na utando huo si kutu bali ni kinga dhidi yake. Kutu yenyewe ni nyekundu, nayo huja usiku mmoja tu ukikiacha kisu kikiwa na maji. Dakika mbili kwenye kinoo humaliza kazi ya kunoa. Nilipompelekea mnoa visu mmoja wa Kariakoo, yule anayezungusha jiwe kwa pedeli za baiskeli, alikigeuza mara mbili akanirudishia: "Mzee, hiki usikilete kwangu, nitakimaliza bure."

Laguiole ina historia ndefu zaidi na matatizo ya aina nyingine. Ilizaliwa mwaka 1829 katika kijiji cha jina hilo, kwenye nyanda za wafugaji za Aubrac. Baadaye ikaongezewa msumari mrefu wa kumtoboa ng'ombe aliyevimba tumbo kwa gesi, na mwaka 1880 kizibuo cha chupa za mvinyo. Nyuki aliye juu ya springi, ambaye watu hudai alitolewa na Napoleon, ni pambo tu. Jambo analopaswa kulijua mnunuzi ni kwamba jina lenyewe kwa muda mrefu halikulindwa, hivyo kulikuwa na visu vya jina hilo kutoka mji wa Thiers, ambako kazi ni nzuri, na vingine kutoka China na Pakistan. Cha kwanza nilikinunua mtandaoni kwa muuzaji ambaye sitamtaja. Kilikuwa na nyuki aliyebandikwa, na mwanga ulipenya kati ya springi na mpini. Hiki cha pili nyuki wake amefuliwa pamoja na springi kutoka chuma kimoja, na hakuna mwanya wowote. Hukata nyama vizuri na pembe haijavimba. Hata hivyo, springi yake haina kufuli, na ala ya ngozi iliyokuja nacho ilihifadhi unyevu hadi madoa yakaota ubavuni. Sasa nakiviringisha kwenye kitambaa cha pamba.

Laguiole hiki cha pili kilinifikia kwa mkono wa rafiki aliyetoka Lyon, Ufaransa, kikiwa ndani ya begi la mizigo na si la mkononi, nami kwa desturi yao nikampa sarafu ili kisu kisikate urafiki: shilingi 200 yenye sura ya Karume, ambayo anasema bado anayo.

Kwa anayeanza ningependekeza Opinel, ambayo Ulaya hupatikana kwa chini ya euro 20. Na ikiwa anakaa pwani na hana subira ya kufuta kisu kila baada ya chungwa, basi achukue ile yenye ubapa wa chuma cha pua. Makali yake hayanogi kama ya kwangu, na mpini utavimba vilevile.