Kalori za kutembea haraka: usome saa au upige hesabu?

Jioni pale Mama Ngina, Mombasa, watu wanatembea kasi kando ya bahari, kila mara wakichungulia mkononi. Saa janja inasema umechoma kalori 340. Uiamini?

Saa haipimi kalori. Inakisia kwa mapigo ya moyo, mwendo wa mkono na uzito ulioiandikia, na hapo ndipo hali ya hewa ya Mombasa inapoiponza. Katika joto na unyevu wa Machi, moyo hupiga mbio ili mwili upoe, hata kama miguu haijaongeza kasi. Saa inadhani umefanya kazi kubwa zaidi. Mkanda ukilegea ukateleza kwa jasho, ndiyo kabisa.

Njia ya pili ni hesabu ya MET, yaani nguvu unayotumia ni mara ngapi ya ile ya kukaa umetulia. Kutembea kilomita 5.6 kwa saa kwenye tambarare ni takriban MET 4.3. Zidisha kwa kilo zako, kisha kwa idadi ya saa ulizotembea. Mwenye kilo 70 akitembea dakika 45, yaani 4.3 × 70 × 0.75, anapata karibu kalori 226. Na humo, kama 52 angezitumia hata akikaa tu akila mihogo ya kuchoma. Lakini hesabu haijui umri wako, wala upepo wa kusi unaokukabili.

Kupanga chakula, naitegemea hesabu. Saa naivaa nilinganishe matembezi ya leo na ya juzi, njia ileile, alfajiri ileile.