Boksi la D&D tamu, ila yule jamaa wa dukani kanikera mpaka leo

Jamani hii naandika na hasira zangu bado, ingawa imeshapita muda, nadhani ilikuwa kiangazi maana joto lilikuwa kali. Naishi Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani, na familia ya dada yangu. Mwanawe ana miaka 12, kaangalia ile tamthilia ya Stranger Things kaona wale watoto wamekusanyika besimenti wanacheza Dungeons & Dragons, ule mchezo wa kusimulia hadithi mezani, kila mtu na mhusika wake, dadu inaamua umeweza au umekosa, basi nyumba haikukalika. Mjomba nataka, mjomba nataka. Na wenye gemu wanajua sana watoto wanatokea wapi, 2019 walitoa kabisa boksi lenye jina la Stranger Things. Mimi nikamnunulia lile la kuanzia la 2014, dola kama 20 hivi. Vilivyomo ndani mtaviona wenyewe, ila kitu kimoja lazima niseme, mgeni hasumbuliwi kutengeneza mhusika, wapo watano tayari, kila kitu kimejazwa isipokuwa jina tu. Jina unaandika wewe. Dogo akachukua mpiganaji akamwandika Kibanga. Yule yule wa kumpiga mkoloni, nilimsimulia mimi.

Sasa nyumbani hatukuwa na mtu wa kuendesha mchezo, nikasikia kuna duka la gemu lina siku ya wageni, tangazo linasema huhitaji kujua chochote, njoo tu. Tukaenda. Dogo kavaa shati la Idi kabisa.

Yule jamaa anayeendesha, DM wanamwita, hata salamu hakuna. Kasoma ile karatasi, kauliza hili jina ndio nini, tafuta jina linaloendana na gemu. Dogo akanitazama. Nikasema jina linabaki hilo. Haya. Tukaanza, zamu ya dogo ikafika, akaambiwa rusha dadu ya pande 20, sasa mezani zimetapakaa dadu za kila aina, ya pande 8, ya 10, ya 12, ukiwa mgeni zote unaona sawa, dogo akashika ya 12 akaigeuza geuza anatafuta namba 20, hata sekunde kumi hazijafika, yule mtu akanyoosha mkono akamnyang'anya. Akamchomolea dadu vidoleni! Akachukua nyingine akarusha yeye, akasema umekosa, anayefuata. Mtoto akaurudisha mkono wake chini ya meza na hakuutoa tena mpaka tunaondoka.

Mimi ule mkono ndio siusahau. Kurusha dadu ndio mchezo wenyewe, mengine yote ni kukaa na kusikiliza, sasa ukimrushia mtu umemwachia nini?

Kwenye gari kimya. Nilipofika nyumbani nikasema huu mchezo wote ni takataka, na wachapishaji nao ni waongo. Wanahangaika kweli kutafuta wageni, 2010 walianzisha michezo ya kila Jumatano madukani, tangu 2007 kuna siku nzima madukani ya kugawa bure vitabu vya michezo ya namna hii, halafu kazi yote hiyo wanamkabidhi mtu asiyejua hata kumkaribisha mtoto. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba Dave Arneson, mmoja wa wawili waliouanzisha mwaka 1974, ni mtu wa hapa hapa Minnesota! Ungetegemea hapa ndio tupokelewe vizuri kuliko popote.

Basi nikamlalamikia mzee mmoja tunafanya naye shifti ya usiku, akaniambia yeye alianza na boksi jekundu la mchezo huo huo, la 1983, na kwamba lile lilikuwa linakuanzisha ukiwa peke yako, unasoma, unachagua, unarusha dadu, unakosea bila mtu kukuona, ndio baadaye unakaa na wenzio. Nilinyamaza kidogo. Kumbe kuna mtu aliwahi kuifikiria ile aibu ya mgeni, miaka yote hiyo. Akaniambia pia Chaosium, kampuni nyingine ya michezo kama hii, walifanya hivyo hivyo kwenye boksi la mchezo wao wa Call of Cthulhu la 2018, nikalitafuta, nikakaa jikoni na chai asubuhi nikitoka kazini, unasoma kipande chenye namba, unachagua, unaenda namba nyingine. Nilikufa mara mbili na sikujali maana hakuna aliyenikoromea. Ni ya kutisha kidogo kwa mtoto lakini, hiyo sikumpa.

Dogo nikamrudishia boksi lake, nikamwambia endesha wewe, sisi tucheze. Alikataa kama wiki mbili hivi. Halafu Jumamosi moja akatandika karatasi juu ya mkeka sebuleni, akamwita mama yake na mdogo wake wa miaka 7. Mdogo wake akaokota dadu siyo. Dogo akanyamaza akamsubiri, akasema, "Angalia ile kubwa kuliko zote, taratibu." Dada yangu akaniangalia.

Kwa hiyo nilisema takataka, naifuta hiyo kauli, boksi nalipatia nyota tano kati ya tano. Duka sifuri. Nilisema sirudi pale tena, lakini juzi dogo kaniuliza siku ya vitabu vya bure ni lini, kawaida huwa mwezi wa sita, na anataka kwenda na Kibanga wake. Nitampeleka. Ila nitakaa kiti cha pembeni yake, na mtu asithubutu kugusa ile dadu.