Mheshimiwa Mbunge wa Kenya: mashine ni nzuri, ila swichi anayo mwenyewe

Tuanze na kilicho ndani ya kifurushi. Chini ya Katiba ya 2010, tangu uchaguzi wa 2013, Bunge la Taifa huja na vipande 349: 290 vya maeneobunge, 47 vya wawakilishi wa wanawake wa kaunti na 12 vya kuteuliwa na vyama. Spika huja kando. Mnunuzi ni mpiga kura, malipo hukatwa kila mwezi kupitia kodi, na mkataba ni wa miaka 5. Hakuna kuonja kabla ya kununua. Hapa tunahakiki toleo la 10 hadi la 13, yaani Bunge la 10 hadi la 13, kuanzia 2008, kwa sababu kasoro ni ileile na ni gari tu linalobadilika.

Watu wengi hulalamika kwamba bidhaa hii ni ya polepole. Si kweli. Inategemea umeipa kazi gani.

Ukitaka kupima kasi yake, chukua suala moja la marupurupu. Januari 2013, toleo la 10 likiwa linaelekea mlangoni, lilijipitishia kiinua mgongo cha takribani shilingi milioni 9.3 kwa kila mmoja, pamoja na pasipoti ya kidiplomasia, mlinzi mwenye silaha, ruhusa ya kupitia ukumbi wa watu mashuhuri uwanja wa ndege, na mazishi ya kitaifa. Ndiyo, mazishi. Rais Kibaki alikataa kutia sahihi. Toleo la 11 likaingia Machi hiyo na kukuta Tume ya Mishahara, SRC, imeshusha mshahara kutoka shilingi 851,000 hadi 532,500. Halikupoa hata kidogo. Kufikia mwisho wa Mei lilikuwa limeshapiga kura kulifuta tangazo la tume, wiki chache tu baada ya kuapishwa, huku waandamanaji wakiwa wamekwisha kumwaga damu na kuachilia nguruwe nje ya lango la Bunge. Mwafaka wa Juni ulikuwa hivi: mshahara ubaki 532,500, na kila mmoja apewe ruzuku ya gari ya shilingi milioni 5. Mshahara umepanda tena tangu hapo, bila shaka.

Sasa ipe mashine ileile kazi isiyo yake. Sheria ya theluthi mbili ya jinsia, ya kuhakikisha jinsia moja haizidi theluthi mbili ya wabunge, ilitakiwa na Katiba ndani ya miaka 5, yaani ifikapo Agosti 2015. Kuipitisha kulihitaji kura 233. Kila ilipofikishwa ukumbini, viti vingi vilikuwa vitupu. Hata Februari 2019 idadi haikutimia. Septemba 2020, Jaji Mkuu David Maraga alimshauri rais alivunje Bunge kwa sababu hiyo. Ushauri ulibaki kwenye karatasi, na waheshimiwa wakamaliza muhula wao salama.

Mtambo hukwama wapi? Kwenye akidi. Katiba inataka wabunge 50 tu ili kikao kiendelee, yaani takribani mmoja kwa kila saba. Hata hao 50 wakati mwingine hawapatikani, na kengele hulazimika kulia kuwaita. Mtazamaji wa runinga asidanganyike na kamera inayomvuta karibu anayezungumza: nyuma yake kuna viti vilivyowekwa 2012 kwa karibu shilingi 200,000 kimoja, kazi ya Idara ya Magereza, na sponji yake bado mpya. (Seremala wa magereza wanajua kazi. Mikono ya viti haijalegea.) Kengele ya kura ni habari nyingine. Kura ikiwa nzito kwa kiranja wa chama, vipande hutokea hadi kwenye korido. Tarehe 25 Juni 2024, Mswada wa Fedha ulipita kwa kura 195 dhidi ya 106. Siku hiyohiyo vijana waliokuwa wakiupinga waliingia Bungeni, na kesho yake rais akasema hatautia sahihi. Kura hizo 195 zilikuwa zimeshahesabiwa.

Gharama za kuendesha ndizo zinazowashangaza wateja wapya. Mshahara ni petroli tu. Kuna posho za vikao vya kamati, fidia ya kilomita kati ya eneobunge na Nairobi, bima ya matibabu, na mkopo wa nyumba wa hadi shilingi milioni 20 kwa riba ya asilimia 3. Linganisha riba hiyo na ile unayoandikiwa benki wewe. Halafu pamoja na mkopo huo wa nyumba, waheshimiwa walijipa posho ya nyumba ya shilingi 250,000 kwa mwezi, ikihesabiwa tangu 2018, bila baraka za SRC. Mahakama Kuu ilisema Desemba 2020 kwamba haikuwa halali, na pesa zilizokwisha kulipwa, karibu shilingi bilioni 2.8, zirudishwe. Kasoro hii hujirudia kwa sababu moja ya kiufundi: anayeidhinisha bajeti ya tume ndiye anayepangiwa mshahara na tume. Ukimbana, anaikaba pesa ya ofisi yako.

Kifaa cha ziada kinachosifiwa na wateja ni mfuko wa maendeleo wa eneobunge, CDF, ulioanza 2003. Tuseme ukweli, kinafanya kazi. Madarasa yapo, na basari zimesomesha watoto wengi. Utaratibu si mgumu: fomu ya basari, muhuri wa chifu, barua ya shule inayoonyesha karo, na hundi huandikwa jina la shule, si la mzazi. Ila angalia ukuta. Jina la mheshimiwa hupakwa rangi kubwa kuliko jina la shule, na choo cha matundu manne huzinduliwa kwa hema na vipaza sauti. Mahakama ya Juu ilibatilisha sheria ya 2013 ya mfuko huo mnamo Agosti 2022, na Septemba 2024 Mahakama Kuu ikafanya vivyo hivyo kwa ile ya 2015. Hoja ni nyepesi: mtunga sheria na mkaguzi wa matumizi hapaswi kuwa ndiye anayeshika kijiko.

Kuhusu kurudisha bidhaa mbovu. Kifungu cha 104 cha Katiba kinakuruhusu kumwita mbunge nyumbani. Sheria ya Uchaguzi ya 2011 ikafafanua masharti: si ndani ya miezi 24 ya kwanza, si ndani ya miezi 12 ya mwisho, kwanza upate uamuzi wa Mahakama Kuu dhidi yake, kisha saini za asilimia 30 ya wapiga kura wa eneobunge, na angalau asilimia 15 katika zaidi ya nusu ya wadi. Na kama ulishindana naye kwenye uchaguzi ukashindwa, huruhusiwi kuanzisha ombi. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilibatilisha sehemu ya masharti hayo. Kazi ya kuandika mapya ikawaangukia waheshimiwa wenyewe.

Toleo la 14 linafika Agosti 2027. Unga, leso na noti ya mia mbili vinavyokuja nalo wakati wa kampeni havimo kwenye waranti. Upike unga huo mapema, kabla haujaingia fukusi.