Picha yangu ya mukuba ilivyotiwa rangi: uzoefu wangu Lubumbashi

Picha yenyewe ni ya mwanamke anayetwanga, imegongwa kwa nyundo juu ya bati la mukuba, ndivyo tunavyoiita shaba huku kwetu. Niliirithi kwa mama ikiwa imefifia kama sarafu iliyozeeka mfukoni. Nilitaka weusi ukae kwenye mabonde ya picha na wekundu ubaki kwenye sehemu zilizoinuka, basi nikampelekea fundi mmoja wa mtaa wa Kamalondo. Tulikubaliana dola 35 na siku tatu. Zikawa siku 12, na kila nikipiga simu jioni haipatikani.

Siku ya tisa nikaenda kukaa pale pale kwake. Heri nilikwenda.

Alisugua bati kwa majivu na ndimu mpaka likapata rangi ya waridi, akalimwagia maji. Maji yakijikusanya vitone vitone, mafuta bado yapo, anasugua tena. Yakitanda bati zima, basi liko safi. Dawa ilikuwa kwenye sufuria iliyokwisha kazi ya jikoni: salfa na chokaa, vimechemshwa pamoja mpaka maji yakawa ya chungwa. Harufu ni mayai viza matupu, kwa hiyo usiende na nguo ya kanisani. Alipoanza kupaka kwa brashi nilimsamehe zile siku zote. Bati liligeuka dhahabu, likawa jekundu, likapita kwenye zambarau na buluu kabla sijavuta pumzi, kisha kahawia, kisha jeusi. Rangi unayoitaka unaikamata kwa kulimwagia maji mengi pale pale. Mimi kwenye zambarau nilipiga kelele asimamishe.

"Ile itakukimbia, mama," akasema. "Ngojea kwanza."

Alikuwa na haki. Utando wa zambarau ni mwembamba mno, haukai. Baadaye alichukua nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, akapitisha polepole kwenye mabega ya yule mwanamke na kwenye mchi, wekundu ukachomoza.

Nilimkumbuka babu na gobori lake la kuwindia. Mtutu wake ulikuwa na kahawia iliyoiva, nami utotoni nilidhani ni rangi ya kopo. Kumbe ilikuwa kutu iliyofugwa: chuma kinalowanishwa maji ya chumvi, kinaachwa kishike kutu, kinapigwa brashi, kinarudishwa tena, siku baada ya siku, mwisho kinapakwa mafuta. Anayetaka weusi huuchemsha mtutu kwenye maji, ile kutu nyekundu inageuka nyeusi. Nilimwuliza fundi kama anafanya na hiyo. Akasema chuma kina kisirani, yeye na mukuba wanaelewana.

Sasa lawama. Alimalizia kwa vanishi ya mbao. Agosti picha iling'aa, kila mgeni aliisifia. Mvua zilipokolea, Desemba, vikatokea vidoa vya kijani pembeni, na karibu na kinu, chini ya vanishi, alama ya dole gumba iliyo wazi kabisa, mistari yote unaihesabu. Si langu. Alilishika bati kwa mkono wenye jasho kabla ya kupaka, na chumvi ya jasho ikaendelea kula humo ndani.

Nilirudi nalo. Hakubisha, aliitazama ile alama akaweka dole lake juu yake. Alitoa vanishi kwa tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, akarudia rangi bila malipo, ila dawa nilinunua mimi. Safari hii nilikwenda na nta ya nyuki yangu mwenyewe: bati likapashwa moto kidogo juu ya makala (makaa), nta ikapakwa kwa kitambaa na kusuguliwa. Weusi ukawa mzito zaidi, na hakuna ule mng'ao wa plastiki. Mvua zimekwisha, doa hata moja sijaona.

Kwa rangi nitamrudia. Kwa tarehe simwamini, na vanishi haingii tena nyumbani kwangu.

Pasaka shangazi alikuja, akaitazama picha kwa huruma, akaniuliza ndimu na chumvi viko wapi. Nimeihamishia chumbani.