TAHADHARI: Da Hong Pao ya "miti mama" hapa Guangzhou

Ndugu zangu mnaokuja Guangzhou kuchukua mzigo, kuna jamaa soko la chai la Fangcun kaniliza yuan 1,200 kwa kopo la gramu 100. Anawawinda Waafrika hasa: salamu nyingi, kiti, kikombe kabla hujauliza bei.

Anachouza anakiita Da Hong Pao, yaani "joho kubwa jekundu". Chai hiyo ipo kweli. Ni oolong, yaani chai iliyo kati ya chai ya kijani na chai nyeusi, ya milima ya Wuyi, kaskazini mwa mkoa wa Fujian, mahali ambapo michai huota katikati ya miamba. Uongo unaanza akikutolea picha ya "miti mama", yaani miti sita ya asili ya chai hii iliyo juu ya jabali, na kuapa kwamba majani yake yametoka pale. Miti ile haichumwi tangu 2006. Mwaka 2005 gramu 20 tu ziliuzwa mnadani kwa yuan 208,000. Pigeni hesabu wenyewe: kwa bei hiyo, kopo langu lingekuwa zaidi ya yuan milioni moja. Nami nikajiona mjanja kwa kumshusha bei kutoka 1,500!

Da Hong Pao ya siku hizi inatokana na vipandikizi vya miti hiyo, au ni mchanganyiko wa chai mbalimbali za Wuyi. Hilo si kosa, na muuzaji mkweli atakwambia bila kuzunguka.

Mchezo wake ni huu: anakuonjesha chai nzuri kutoka kopo lake la mezani, halafu unaondoka na kopo jingine lililofungwa. Ile ya mezani ilikuwa na majani marefu, meusimeusi, yaliyosokotwa, yananukia moto wa mkaa, kwa sababu chai ya Wuyi hubanikwa taratibu juu ya makaa. Maji yake yalikuwa rangi ya asali, na kila akiongeza maji ya moto ladha ilirudi, tukafika mara ya saba. La kwangu nilipolifungua nyumbani lilinipiga harufu ya sabuni ya maua. Ndani vipandevipande na vumbi. Maji ya kwanza meusi tii, ya tatu kama ya kusuuzia sufuria. Nikayatandaza majani kwenye sahani: hayakukunjuka, yamekauka kama yaliyoungua, wala sikuona ule wekundu wa pembeni unaotokana na majani ya oolong kutikiswa hadi kingo zichubuke.

Basi mwambieni afungue kopo mtakaloondoka nalo, apike hilohilo.

Kesho yake nilimrudia. Kwanza akalaumu maji ya nyumbani kwangu, wakati tunaishi mji mmoja! Kisha akataka kunibadilishia na Tieguanyin, oolong nyingine, eti nayo ya miti ileile. Tieguanyin ni ya Anxi, kusini mwa Fujian, na majani yake huviringwa kama punje. Pesa hakurudisha. Kopo ninalo, mwenye shaka aje anuse.